Gesti Ilishafungwa, Orodha Bado Inaita Wageni

Jules Verne hakuwahi kuiona Tabora, lakini hilo halikumzuia kuwashusha wageni pale kwa puto. Katika riwaya yake ya mwaka 1863 kuhusu wiki tano za safari ya angani, Dk. Samuel Fergusson na wenzake wawili wanaruka kutoka Zanzibar, wanavuka milima na mbuga, mpaka wanafika mji uitwao Kazeh. Wenyeji wanaliona puto, wanadhani mwezi umeteremka duniani. Daktari anapelekwa kumtibu mtawala mgonjwa, na mambo yanakwenda vizuri hadi mwezi wenyewe unapochomoza. Hapo wageni wanatimua mbio kurudi kwenye puto lao. Wasomaji wa Ufaransa walicheka na kununua. Hakuna Mnyamwezi aliyeulizwa kama kweli puto na mwezi vinafanana.

Kazeh ndiyo Tabora. Richard Burton na John Hanning Speke waliingia pale tarehe 7 Novemba 1857 wakitokea pwani, wakapokewa na wafanyabiashara wa Kiarabu, akiwemo Snay bin Amir, na wakaandika jina la makazi yale kuwa Kazeh. Kitabu cha Burton kilitoka mwaka 1860. Wachora ramani wakachukua jina kwa wasafiri, Verne naye akachota humo humo, na Kazeh ikaendelea kukaa kwenye ramani za Ulaya hata wakati mji umeshazoeleka kwa jina la Tabora. Sidhani kama kuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni kwamba mtu wa kwanza akishaandika, wa pili haoni sababu ya kwenda kuangalia.

Kilichonirudisha Kazeh ni gesti ya shangazi yangu.

Ilikuwa Isevya, hapo hapo Tabora: vyumba vichache kuzunguka ua, mwembe katikati, na jina limepakwa rangi ya bluu kwenye ubao wa nje. Wageni wake walikuwa watu wa treni, wale wanaobadilisha kwenda Mwanza, Kigoma au Mpanda wakakwama usiku. Walikuwapo pia makarani wa tumbaku, wauza asali, na mgonjwa aliyeletwa hospitali ya Kitete na ndugu wa kumwangalia. Siku biashara ilipokuwa nzuri, binamu yangu mmoja aliyesoma kompyuta akaitengenezea tovuti yenye picha ya ua, bei ya chumba na namba ya simu. Haikupita muda, gesti ikaonekana kwenye orodha ya biashara ya mtandaoni, moja ya zile zinazojigamba kuwa na kila hoteli, duka la dawa na gereji barani Afrika. Hakuna aliyeomba iwekwe huko. Wala hakuna aliyelalamika. Nani anakataa kutangaziwa bure?

Kisha mume wa shangazi akafariki, magoti yakaanza kumsumbua, akaifunga gesti na vyumba akawapangisha wanafunzi wa kike wa chuo. Ubao ukashushwa. Leseni haikuhuishwa. Laini ya simu ya gesti ikakaa bila vocha mpaka kampuni ikaichukua na kuiuza upya. Jina la tovuti nalo halikulipiwa, wakalinyakua watu wengine, na leo ukibonyeza kiungo kile unajikuta kwenye kubeti. Shangazi ni mwanamke wa swala tano. Hiyo sehemu ya kubeti tumeamua asiisikie.

Kwa mtaa mzima gesti imekufa. Kwenye orodha iko hai, na jina lake, mtaa wake, namba yake, kiungo cha tovuti, na nyota nne ilizopewa na mgeni mmoja aliyezisifia chapati.

Taabu ilianza na simu. Namba ya zamani ilikuwa imeangukia kwa kijana wa bodaboda, na kila treni ikichelewa anaamshwa saa nane usiku kuulizwa kama chumba chenye choo ndani bado kipo. Alivumilia, akawatukana baadhi, mwishowe akauliza-uliza mitaani mpaka akafika getini kwa shangazi, pikipiki ikiwa bado inanguruma.

"Shikamoo mama. Hapa ndiyo kwenye gesti?"

"Marahaba mwanangu. Gesti hakuna siku nyingi. Unatafuta chumba?"

"Sitafuti chumba, mama. Natafuta wa kunisaidia nilale."

Walicheka wote wawili, na kijana hakuondoka bila kunywa chai. Lakini kuna upande usiochekesha. Si kila mgeni hupiga simu kwanza. Wapo wanaofuata ramani, na tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba zina namba na barabara zina vibao, kwa hiyo ramani imekuwa rahisi kuifuata. Mwanamume asiyejulikana anagonga geti usiku kwenye nyumba wanayolala wasichana. Anaambiwa hapa si gesti. Anabisha, ananyoosha simu yake mbele: mbona imeandikwa ni nyumba ya wageni, mbona kuna na picha? Mwenye nyumba amesimama mbele yake na kitenge chake begani, lakini anayeaminiwa ni simu.

Nikapewa kazi ya "kuitoa huko mtandaoni", kazi ambayo ndugu wote huamini kuwa mwandishi wa gazeti anaiweza kwa kunyanyua simu.

Orodha yenyewe haikuwa na kitufe cha kuondoa. Ilikuwa na kitufe cha kudai kwamba biashara ni yako. Ili udai, sharti ujisajili: jina kamili, barua pepe, namba ya simu, cheo chako katika biashara. Yaani ili wafute taarifa walizozichukua bila kuuliza, wape nyingine zaidi, safari hii kwa mkono wako mwenyewe. Maelezo yote ni ya Kiingereza. Ulipomaliza, mfumo ukatangaza kwamba umetuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya biashara, na simu ya biashara ni ya kijana wa bodaboda. Tukampigia. Alikuwa na abiria anaelekea Ng'ambo. Akasimama pembeni, akatusomea tarakimu moja moja, na kwa dakika ile, kwa mujibu wa orodha, yeye ndiye aliyekuwa mmiliki halali wa gesti ya shangazi. Hatua iliyofuata wakataka nakala ya leseni ya biashara iliyo hai. Leseni hai ya biashara iliyofungwa! Ili uruhusiwe kusema umefunga, leta ushahidi kwamba hujafunga. Chini ya ukurasa, kwa herufi za kuvutia, kulikuwa na ofa: kwa malipo ya kila mwezi ningeweza kuusimamia ukurasa nitakavyo, ikiwa ni pamoja na kuuficha.

Sikulipa. Niliandika barua pepe, nikaandika tena na tena, na siku moja ukurasa ukatoweka bila mtu kunijibu. Furaha yetu ilikuwa fupi. Jina lile lile, na kosa lile lile la herufi walilolifanya kwenye "Isevya", likachomoza kwenye orodha nyingine zilizokuwa zimenakili ile ya kwanza. Wa pili hakuona sababu ya kwenda kuangalia.

Mambo hayakuanza hivi. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kuzipanga kwa mkono tovuti walizozipenda ili wasizipoteze. Ndiyo ikazaliwa Yahoo. Mwaka 1998 ukaanza mradi uliokuja kujulikana kama DMOZ, wenye wahariri wa kujitolea kila pembe ya dunia, kila mmoja akitunza kona yake. Orodha ya DMOZ ilikuwa ruksa kunakiliwa na yeyote, na wengi waliinakili, hata Google kwa miaka kadhaa. Yahoo kwa upande wake ilifika mahali pa kutoza biashara dola 299 kwa mwaka. Watu walilipa, kwa sababu injini za utafutaji zilikuwa zinahesabu viungo: tovuti ikitajwa kwingi, inapandishwa juu. Hapo ndipo zikazuka orodha za ovyo kwa maelfu. Hazikutengenezwa zisomwe na mtu. Zilitengenezwa zihesabiwe na mashine.

Aprili 2012 Google ikabadili hesabu zake, katika mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, na viungo vya namna hiyo vikageuka mzigo. Tovuti iliyotapakaa kwenye orodha za ovyo ikaanza kushushwa. Wale wale waliolipa kuingizwa wakapanga foleni kuomba kutolewa, na baadhi ya wenye orodha, kuona foleni ile, wakaweka bei ya kutoka. Hata watemi wa njia ya misafara ya zamani walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na wasafiri wa Ulaya wamejaza vitabu kulalamikia hongo hiyo. Lakini ukishalipa ulipewa njia na maji, na sijasoma popote kwamba mtemi aliwatoza watu ambao hawakuwahi kupita kwake. Oktoba mwaka huo huo Google ikawapa wenye tovuti chombo cha kuvikana viungo wasivyovitaka. Mimi nakisoma chombo hicho kama ushahidi kwamba kuomba kwa adabu kulikuwa kumeshindikana.

Yahoo ilifunga orodha yake Desemba 2014. DMOZ ilizimwa Machi 2017. Nakala zake hazikuzimwa, maana hakuna mwenye orodha ya waliochukua nakala.

Wenye umri wangu wanakikumbuka kitabu cha simu cha Posta na Simu: kinene, kurasa laini, mji kwa mji, Tabora ikichukua nafasi yake ndogo na masanduku ya posta yake. Kilikuwa na makosa mengi tu. Lakini kila kosa lilikuwa na mwisho wake, kwa sababu toleo jipya lilikuja na la zamani likaenda kufungia maandazi. Mtu aliyehama, aliyefilisika au aliyefariki alidondoka mwenyewe, bila kuandika barua kwa mtu. Leseni ya biashara nayo ndivyo ilivyo: usipoihuisha, inakufa. Nchi nzima imezoea kwamba karatasi inayomtaja mtu inahitaji kuthibitishwa kila baada ya muda, la sivyo thamani yake inakwisha. Orodha ya mtandaoni imejitoa kwenye mazoea hayo. Yenyewe haina tarehe ya kufa, na mzigo wa kuiua umetwishwa yule ambaye hakuizaa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaopigania tu haki ya kuomba kufutwa. Haki ya kuomba ni nzuri, lakini inamfaa mwenye muda, mwenye Kiingereza, mwenye bando na mwenye mpwa gazetini. Ninachokitaka ni zaidi ya hapo: taarifa iliyoorodheshwa bila kuthibitishwa na mwenyewe ndani ya muda fulani idondoke yenyewe, na anayetaka kuendelea kuichapisha ndiye amtafute mhusika. Kazi ya kuuliza imrudie aliyeandika.

Hili si jambo geni kwa sheria zetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Misingi ya sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, ziwe sahihi na za sasa, na zisitunzwe kupita muda unaohitajika kwa lengo hilo. Huo msingi wa mwisho ndio tarehe ya kufa ninayoisema. Umeshaandikwa. Kilichobaki ni kuupa meno. Sheria inampa mhusika pia njia ya kudai marekebisho na kufutwa, inaipa Tume uwezo wa kuamuru, na inafungua mlango wa fidia kwa aliyeumizwa.

Wakili atanikatiza hapa: sheria inamlinda mtu, na gesti si mtu. Ni kweli kwenye karatasi. Lakini nenda Soko Kuu la Tabora, au Kanyenye, au kwa fundi wa baiskeli wa Gongoni, uniambie duka linaishia wapi na mwenye duka anaanzia wapi. Namba ya dukani ndiyo anayopigiwa mtoto akiugua. Jina la biashara ni "Mama" fulani. Anwani ya biashara ndiko anakolala. Kampuni kubwa ina ofisi, mapokezi na mtu wa kujibu barua. Mfanyabiashara mdogo ana simu moja na mlango mmoja. Tume ikisema wazi kwamba taarifa za biashara ya mtu mmoja ni taarifa binafsi za mtu huyo, nusu ya kesi za aina ya shangazi zitakuwa zimepata pa kwenda. Isiposema, kila mwenye orodha atajificha nyuma ya neno "biashara".

Kingine ni umbali. Orodha nyingi hazina ofisi hapa, wala hujui ziko wapi. Ulaya wamelihangaikia suala hili kuliko wengine. Mhispania Mario Costeja González alikuta kwamba ukitafuta jina lake mtandaoni unaletewa matangazo ya gazeti la La Vanguardia ya mwaka 1998 kuhusu mnada wa mali yake kwa deni la hifadhi ya jamii, deni lililokwisha miaka mingi. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba Google iondoe kiungo hicho kwenye matokeo ya jina lake, gazeti lenyewe libaki kama lilivyo. Alishinda haki ya kusahauliwa, na tangu hapo kila mwanafunzi wa sheria duniani anasoma deni lake. Sipendi utani juu ya shida ya mtu, ila huu umejileta.

Septemba 2019 mahakama hiyo hiyo ikaweka mpaka: Google hailazimiki kuondoa matokeo dunia nzima kwa agizo la Ulaya, inatosha iyaondoe kwa watafutaji wa Ulaya. Uamuzi una mantiki yake, kwani nani anataka serikali moja ifutie watu wote? Lakini mantiki hiyo inamaanisha kwamba anayeishi nje ya uzio wa sheria yenye nguvu hana pa kushika. Mtu wa Isevya atapata ulinzi ule tu ambao Dodoma na Dar es Salaam zitamtengenezea.

Majirani wameshaonyesha kwamba ofisi ya aina hii inaweza kung'ata. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja wake mtandaoni bila ridhaa ya mteja huyo, na Roma School shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Baada ya hapo wenye kumbi za starehe wa Nairobi wana sababu ya kuuliza kabla ya kupiga picha. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ina kifungu ninachokitamani kwetu kitumike kwa nguvu: mhusika akiomba kurekebishwa au kufutwa, aliyekwisha kuwagawia wengine taarifa zake achukue hatua za kuwaarifu hao wengine. Ndiyo dawa ya nakala. Aliyeuza ndiye anayejua alimuuzia nani. Kwa nini shangazi ndiye azunguke kuwatafuta?

Asiniambie mtu kwamba kufuta haraka hakuwezekani. Kanuni zetu za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka muda wa saa 12 wa kushughulikia maudhui yaliyokatazwa baada ya mtoa huduma kuarifiwa. Za mwaka 2020 zikaubana muda huo hadi saa 2. Niliziona ni kali mno kwa waandishi na bado naziona hivyo. Lakini zimethibitisha jambo moja: dola ikitaka kitu kiondoke, kuna kitufe, na kuna mtu wa kukibonyeza. Mwananchi akitaka namba yake iondoke, anaombwa leseni.

Sasa nije kwa wanaoniogopa. Wapo watakaosema: ukiruhusu watu kudondoka kwenye orodha, matapeli ndio watakaofurahi. Tabora inawajua matapeli. Kuna wanunuzi waliochukua tumbaku ya wakulima kwa ahadi wakatoweka, kuna madalali wa viwanja wanaouza kiwanja kimoja kwa watu wawili, kuna vyuo vya uchochoroni vinavyobadilisha jina kila udahili. Hao wasipewe kifutio. Lakini orodha ya kibiashara haikuwahi kuwa ulinzi dhidi yao. Tapeli ndiye anayelipia nyota tano. Ulinzi uko kwenye daftari la BRELA, kwenye hukumu za mahakama, kwenye orodha ya vyuo ya NACTVET na kwenye magazeti. Hayo ni ya umma, yana mwenyewe wa kuwajibika, na sitaki yaguswe kwa sababu tu mtu ameona aibu. Ninachosema kinahusu yule aliyeokota namba ya mtu barabarani akaipangia tangazo pembeni.

Hoja nyingine inaniuma zaidi, maana ina ukweli. Muuza asali wa Sikonge aliyewekwa kwenye orodha bila kuulizwa huenda amepata wateja wa Arusha kwa sababu hiyo, na barua pepe ya kumtaka athibitishe hataiona kamwe. Atadondoka bila kujua, na atapoteza. Sina jibu linaloondoa hasara hiyo yote. Ninachoona kinawezekana ni kushuka kwa hatua: muda ukipita, kwanza ifichwe namba na mahali, jina libaki na maandishi kwamba halijathibitishwa, baadaye ndipo liondoke. Na ukumbusho uje kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa Kiswahili, bila kutozwa: bonyeza 1 kama bado upo, 2 kama umefunga, 3 kama namba hii si ya biashara hiyo. Kile kitufe cha tatu kingemlaza kijana wa bodaboda. Mwenye orodha anayeona gharama ya ujumbe mmoja kwa mwaka ni kubwa kwake amekiri mwenyewe thamani ya anachokichapisha.

Hata wanaoorodhesha mawe wana utaratibu. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara ni hapo hapo jirani na mji, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Miongozo ya UNESCO inazihimiza nchi kuzipitia upya orodha zao za awali walau kila baada ya miaka kumi. Tembe halihami, halifungi biashara wala halibadilishi laini, na bado wameona lipitiwe. Ningependa Kwihara ibaki kwenye orodha hiyo na ipande juu zaidi. Ni mahali, na mahali pale pana mambo ambayo hatuna ruhusa ya kuyaficha. Ila katika mji ule ule kuna koo ambazo hazipendi mtu wa nje aandike babu yao alikuja na msafara kama nani, mwenye mzigo au mzigo wenyewe. Njia iandikwe yote. Watu waachwe wajitaje wenyewe wakitaka.

Narudi kwa Tume, kwa sababu kutoa amri kwa tovuti isiyojulikana ilipo ni kupiga kelele porini. Orodha hizi haziishi kwa hewa, zinaishi kwa matangazo. Nilipofungua ukurasa wa gesti kwa mara ya mwisho kabla haujatoweka, pembeni ya namba ya kijana wa bodaboda kulikuwa na matangazo matatu, na yote yalikuwa ya kampuni zinazofanya biashara hapa nchini, zenye ofisi, zenye namba ya mlipakodi, na zinazowajibika kujisajili kwa Tume kama wakusanyaji wa taarifa zetu. Hazikuchagua ukurasa ule. Mitambo ya matangazo ndiyo iliyozipeleka. Lakini mtangazaji ana uwezo wa kuiambia mitambo hiyo tovuti asizozitaka, na nyingi za kampuni hizo tayari zinafanya hivyo kukwepa tovuti za ngono. Tume ikichapisha majina ya orodha zilizokataa kuondoa taarifa za Watanzania baada ya kuombwa kwa njia halali, na ikazitaka kampuni hizo ziache kutangaza humo, haitahitaji kujua kompyuta ya mwenye orodha imewekwa nchi gani. Malalamiko yenyewe yapokelewe kwa barua ya kawaida ya Kiswahili, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya au posta, na kitakachoombwa kwa mlalamikaji kiwe kitambulisho cha taifa tu, bila leseni.

Shangazi ameshasema barua yake ataiandika kwa mkono.